Goti Langu na Wazee wa Maji Moto

Mama Zuhura mpenzi,

Nakusalimu kutoka Ruangwa. Chemchemi ya maji moto iko nyikani, mbali kupita Nandagala. Ardhi imekauka mpaka imepasuka, kisha ghafla unaona mvuke. Kila siku nawakuta Mzee Mchopa na Mzee Bakari, wakulima wa ufuta, wamekaa majini kama wako barazani kwao. Nilipowaeleza kwamba maji haya hupashwa moto na miamba ya chini kabisa ardhini, Mzee Mchopa alinikatiza: “Mwalimu, huko chini ulifika lini? Ingiza goti!” Tangu hapo tunataniana.

Unajua nilivyokuwa naswali kwenye kiti miaka hii miwili kwa sababu ya goti hili. Leo adhuhuri nilisimama safu moja nao, nikasujudu mpaka paji la uso likagusa mkeka. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Nikabaki chini mpaka walipotoa salamu, wakaninyanyua huku wakicheka. “Mtani, kushuka umeweza. Kesho tunakufundisha kupanda!”

Kule chini nilikuombea afya wewe kwanza, mke wangu, na kwa kuwa nilichelewa kuinuka, dua yako imekuwa ndefu sana.

Mumeo