Mashine Nene, Kasha Jembamba

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kaja kibandani kwangu. Mkwe — ngoja kwanza, harusi yenyewe hajaikubali. Eti mwanamke gani fundi saa! Kafungua leso: saa ya marehemu mumewe, nene kama kipande cha sabuni. Na kasha la saa, la dhahabu, alilorithi kwa mamake, jembamba, tupu ndani. Anataka mashine ya mumewe iingie humo, aivae Jumamosi wazee wakikaa kuamua harusi yangu na mwanawe. Nikamwambia haiwezekani. Akanitazama. Nikasema itawezekana. Mdomo huu!

Jumanne, 4 Machi

Nimepima. Mashine ya marehemu ni otomatiki. Ina kile kisahani cha nusu duara kinachocheza mgongoni kila mkono ukitikisika, ndicho kinachoitia ufunguo, yaani kuikaza springi iendelee kwenda — na ndicho kinachoinenepesha. Inataka kasha lenye kitambi. Hili la dhahabu lilikatwa kwa mashine bapa, ya kutiwa ufunguo kwa mkono. Ninayo moja ya aina hiyo kwenye droo! Ningeitumbukiza tu, nani angejua? Mimi ningejua. Na uso wangu hausitiri kitu.

Mchumba kapita jioni. Nikamuuliza kwani mama hawezi kuvaa ile nene. Akasema mama akishasema, kasema. Asante sana kwa msaada.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Nimeng'oa kisahani na vigurudumu vyake. Mashine ni ile ile ya marehemu, imekonda tu. Mfuniko wa nyuma umetuna kidogo, lakini umefunga. Nimepiga kigelegele peke yangu mpaka muuza viatu wa jirani kachungulia.

Ila sasa haitajitia ufunguo yenyewe; itataka kutiwa kwa mkono kila asubuhi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kaja kuichukua. Nimemwambia, nikarudia: mama, kila asubuhi zungusha kifundo hiki cha pembeni. Yeye saa iko sikioni, macho kafumba, ehe, ehe. Kisha kaondoka akitikisa mkono kama anakung'uta maji, kuiamsha saa jinsi mumewe alivyokuwa akifanya. Hakusikia hata neno! Nimemfuata hadi mlangoni, kanipungia kwa mkono huohuo.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika jikoni kwa mama mkwe. Wanadhani naosha vikombe tu.

Asubuhi mchumba kanipigia simu. Saa imesimama. Mama anasema si bure, marehemu ameikataa harusi. Wazee wameshajaa sebuleni.

Nimefika nahema. Nimepewa saa kwenye leso. Nikawapa mgongo nipate mwanga wa dirisha, nikazungusha kifundo. Ikaanza kulia. Nikageuka niwaeleze kwamba ni ufunguo tu, mama mkwe akaniwahi:

"Kumbe alikuwa anasubiri mkono wako."

Wazee wote wakaitikia. Harusi imekubaliwa! Machozi yamenitoka, sifichi. Nampenda mwanawe yule, na upole wake wote.

Halafu mama akaongeza, taratibu: "Basi mwanangu, utaigusa kila asubuhi, kabla ya chai. Kile chumba mlichopanga mkae wenyewe, kirudisheni kwa mwenye nyumba. Mtakaa hapa hapa."

Mchumba akatazama dari.

Nikisema mtu yeyote anaweza kuizungusha, ishara imekufa, na harusi nayo. Nikinyamaza — kila asubuhi! Maisha yangu yote! Na ninaijua mashine ile, kwa mafuta niliyoitia itatuzika sote.

Vikombe vimekwisha. Ananiita. "Mkwe," anasema — mara ya kwanza tangu anijue. Nakausha mikono. Mdomo huu sijui utasema nini.