Wajukuu Wanarudi, na Nyumba Niliyowapeleka Siioni Tena

Bi Sheikha mwanangu,

Kabla hujasikia kwa watu, sikia kwangu mie mwenyewe, maana kutoka hapa Miembeni mpaka Darajani kisa hichi kila anayekihadithia anakiharibu. Wanasema ati Mzee Makungu kapotea Mji Mkongwe na wajukuu zake mchana kweupe. Uongo mtupu! Mie sikupotea. Ilinyesha mvua. Kalamu kaishika jirani yangu Valimohamed, muuza vitambaa, kwa sababu kusoma kwangu kuliishia chuoni kwa mwalimu wa Kurani, tena mapema, basi ukikuta neno limekaa upande la kwake hilo, na hivi sasa ananitizama kwa jicho baya lakini anaandika.

Wewe unayewajibu watu shida zao gazetini, nnakuomba unisaidie na mie, mwanangu, nimekwama kweli.

Mie nilikuwa hamali, mchukuzi wa mizigo kwa gari la kusukuma. Si hamali hivi hivi, hamali hasa! Gari langu likiingia Mkunazini watu wanajibanza ukutani, hakuna kabati wala kitanda cha samadari kilichoingia mji ule bila ya mkono wangu, na kuna piano moja la Mzungu, zito kama ng'ombe wawili, nililipeleka Shangani peke yangu huku nnapiga mbinja, mluzi njia nzima. (Valimohamed anasema alisikia tulikuwa watu sita. Andika, Vali, andika, wewe hukuwepo.) Sasa binti yangu Sichana kaolewa na Qais, wanakaa Maskati, wana watoto wawili, Hind na mdogo wake Samir, na kila wakipiga simu pale dukani kwa Vali mie nnawahadithia mji, nnawaambia babu yenu mfungeni kitambaa machoni, mzungusheni, mwacheni Kiponda, atafika Forodhani hajagusa ukuta. Watoto wakaamini. Kwa nini wasiamini?

Julai ya mwaka jana, tisini na nane, wakaja na mama yao. Mama akenda kusalimia watu wake Kidichi, mie nikachukua watoto nikawaambia leo mtauona mji wa babu yenu. Tukaingilia Darajani, tukapita sokoni, tukapinda, tukapinda tena, nnawaonesha mlango huu na mlango ule, na Hind, mwanangu, yule mtoto ana macho kama mtoza ushuru, akanivuta kanzu.

"Babu, mlango huu tushaupita."

"Huo mwenziwe."

"Na paka yule?"

"Mwenziwe."

"Wote wana jicho moja?"

Hapo ndipo iliponyesha mvua. Mvua ya mabomba, si mchezo, nikaona watoto wa watu watapata homa, nikapiga hodi mlango uliokuwa karibu. Kwa ajili ya watoto, si kwa jengine.

Akafungua bi mkubwa mmoja wa makamo yangu, kajitanda kanga, akanitizama, akasema, "Karibu, karibuni! Siku nyingi!"

Sasa Bi Sheikha, mtu kakwambia siku nyingi, utamjibu vipi kwamba hujapata kumuona? Nikasema, "Siku nyingi kweli, mie nipo, shughuli tu."

"Na wa nyumbani?"

"Wazima, wanakusalimu sana."

"Na yule mgonjwa wenu?"

"Alhamdulillahi, kapona." Mgonjwa hatuna. "Na mzee, hajambo?"

"Mzee si alifariki."

"Aa, ndo maana nikauliza. Mungu amrehemu."

Basi tukaingia. Na hapa, mwanangu, nnapunguza masihara.

Mie mji ule nimeupitia umri wangu wote kwa nje. Hamali anaishia mlangoni, ndani mna wanawake wa watu, mzigo unaushusha ukumbini, wenyewe wanaupokea, unageuza gari. Milango nnaijua misumari yake mmoja mmoja, nyuma ya milango sikupata kujua mna nini. Tulipita kiukumbi cha giza, halafu kikafunguka kiwanja katikati ya nyumba, kiwanja ndani kwa ndani, na nilipoinua uso mbingu ilikuwa pale juu imekatwa mraba kama kitambaa cha Vali, na roshani za mbao zinazunguka ghorofa juu ya ghorofa, na kimya, kelele zote za mji zimebaki nje kama mtu kazifungia mlango. Bi mkubwa akatupandisha ngazi mpaka sebule ya juu. Madirisha yake juu yana vioo, chekundu, kijani, buluu, manjano, na jua lilikuwa linapita mule linamwagika sakafuni. Samir alikuwa hatulii hata akilala, akasita mlangoni, akavua viatu bila ya kuambiwa. Hind akaingia katikati, kanzu yake nyeupe ikawa ya rangi zote, akainua mkono wake akautizama kama si wake. Mie nimesimama. Mgongo huu ulobeba makabati umesimama tu, sijui niweke wapi mikono. Nikafikiri, Makungu, umri wote ulikuwa ukuta mmoja na haya.

Tukaletewa halua na kahawa, watoto sharubati, na tulipotoka Hind akanishika mkono akasema pole pole, "Babu, wewe kila siku ulikuwa unakuja humu?"

Nikasema naam.

Sasa mwezi ujao wanarudi, na safari hii na baba yao. Qais ni mtu wa mipango, kashaipanga likizo yote huko huko Maskati, siku ya kobe kisiwani, siku ya viungo Kidichi na yale mahamamu ya Kiajemi, siku ya ufukweni, na mtu wa hoteli wa kuwatembeza Mji Mkongwe. Hind kagoma. Kamwambia baba yake hamtaki mtu wa hoteli, babu ndo mwenye mji, babu atatupeleka nyumba ya taa za rangi kwa rafiki yake. Na mie nyumba siioni! Tangu mwaka jana kila nikishasali alasiri nnakwenda nnazunguka, wale vijana wa barazani wakiniuliza nnawaambia nnatafuta mbuzi wangu, sasa wananiita Mzee Mbuzi. Kuuliza siwezi. Ntauliza nyumba ya nani? Nimekula halua ya mtu, nimemrehemu mumewe, jina lake silijui!

Valimohamed anasema nimpe papasi, mmoja wa wale vijana wanaowakimbilia watalii, kazi ya kuitafuta. Nyumba niliyoingia mwenyewe nioneshwe na papasi? Mie nna fikra tatu. Ama niwapeleke nyumba nyengine yenye vioo niape ndo ile ile, ama niseme ile imeanguka kwa masika, maana zinaanguka kweli, ama nilale kitandani nikohoe mpaka waondoke. Usinicheke. Nikisimama mbele ya Qais nisijue pa kupinda, yule mtoto atajua babu yake alikuwa akisukuma gari nje tu. Mie kwake nna mji mzima, sina kitu chengine cha kumpa.

Nifanye lipi?

Makungu, Miembeni

—

Mzee Makungu, shikamoo. Nshakuamkia, sasa niwache nikuseme.

Kwanza, Julai ni kipupwe. Mvua ya mabomba ilitoka wapi? Na kama ilinyesha hivyo, lile jua la kumwagika sakafuni mliliazima kwa nani? Sikuulizi unijibu. Nnakuonesha tu kwamba mie nimeona hayo nikiwa nimekaa ofisini, na wewe unataka kumficha mtoto alomtambua paka kwa jicho lake.

Kwa hiyo fikra ya nyumba nyengine itoe kichwani. Hind ataingia, atatizama rangi mbili tatu, atakuvuta kanzu, na mbele ya baba yake utabaki kusema "mwenziwe, mwenziwe." Ya kuanguka ndo mbaya zaidi. Mna bi mkubwa mjane ndani ya nyumba ile, alokufungulia mlango, na wewe unataka kumwangushia dari kwa mdomo wako? Astaghfirullah, mzee wangu! Na ya kukohoa nayo wache. Ukijilaza wewe, watoto watatembezwa na mtu wa hoteli, na huyo kweli ataijua njia.

Hivi hujajiuliza, yule bi mkubwa alikujua? Alikuuliza mgonjwa, ukamwambia kapona, naye akakubali. Hakukujua hata chembe! Kakuona mtu mzima na watoto wawili mlangoni, kaogopa kukuaibisha, kasema siku nyingi. Wewe ukaogopa kumuaibisha yeye. Ndo sisi watu wa Unguja, tutamuuliza mtu habari za jamaa zake mpaka jua lichwe, jina lake ndo hatulitaji. Nnakuhakikishia naye mwaka mzima anajisumbua kichwa.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na usinipunguzie hata moja.

Leo leo nenda dukani kwa Valimohamed upige simu Maskati. Usimtake Sichana wala Qais, mtake Hind. Mwambie, mjukuu wangu, siku ile nilipotea. Mwambie na kazi yako ilikuwa kusukuma gari, na kwamba nyuma ya mlango ule yeye na wewe mliingia siku moja. Unaogopa kitashuka kitu machoni pake. Mtoto alosimama kwenye ile nuru akaona na babu yake kasimama vile vile, kwa mara ya kwanza kama yeye, hicho hakishuki. Kisha mwambie wewe njia huijui, yeye ndo kiongozi, akumbuke alichokiona.

Mpango wa Qais usiuvunje, mkwe wako kagharimika. Kobe waende, Kidichi waende, lakini wasirundike mambo mawili siku moja, watoto wanachoka na watu wazima wanagombana. Mji Mkongwe mwombe siku moja iwe yako. Tokeni asubuhi jua halijapanda, maji mkononi, viatu vya kuvulika upesi, na nguo za heshima maana mnakwenda majumbani kwa watu. Pitieni Kidichi siku ya kabla mchukue mdalasini na karafuu, mgeni alorudi haji mikono mitupu. Na huyo Qais mwambie akae nyuma, anyamaze, asitoe ramani.

Mlango ukifunguliwa, Mzee Makungu, kabla hujauliza mgonjwa yeyote, taja jina lako. Sema hunijui, na mie sikujui, nimekuja kukujua. Basi. Msipoiona nyumba, mtakuwa mmepotea pamoja na wajukuu asubuhi nzima katika mji wako, na mtoto anakuongoza. Kuna mababu wangapi huko kwenu Ng'ambo wanaoipata hiyo?

Na mbuzi wako mtafute kwengine.

Sheikha

—

Bi Sheikha mwanangu,

Kabla hawajakuharibia na hichi, mwisho wake ni huu. Nilipiga simu. Nilipomaliza kusema nikajua basi, yamekwisha, na Hind akasema, "Babu, mie nilijua. Ulikuwa hujui pa kuweka mikono." Mwaka mzima mtoto kanistahi, na mie nnajiona mie ndo nnamstahi yeye!

Walipokuja akatutangulia. Mie umri wote nnatizama milango, yeye alitizama chini. Kumbe alishika kichwani baraza moja ilobanduka pembeni, mna tundu chini yake, ndimo anamolala yule paka. Tukazunguka, tukazunguka, Qais nyuma kimya kama alivyoagizwa, mpaka Samir akapiga kelele, "Jicho moja!" Na paka huyo, kalala. Mlango ulikuwa hatua chache mbele yake. Nimeupita, Bi Sheikha, sijui mara ngapi, nnatafuta mbuzi.

Bi mkubwa akafungua, akaanza, "Karibuni, siku ny..." nikamkatiza. Nikasema mie Makungu, hamali, wa Miembeni, hunijui na mie sikujui. Akashika mlango kwa kicheko. Anaitwa Bi Basma. Akasema kweli, mwaka mzima anauliza jamaa zake, yule mzee wa maneno mengi ni nani kwetu? Kisha akanitizama sana.

"Hamali gani? Yule alokuwa akipita na gari anapiga mbinja?"

Nikasema ndiye.

"Nilipokuwa mwari sitoki nje, nilikuwa nakaa nyuma ya dirisha la juu nnaingoja ile mbinja," akasema. "Sikupata kukuona uso."

Tulipanda juu, jua lilikuwepo, rangi zilikuwepo, Qais kavua miwani yake kasimama mlangoni kama mwanawe mwaka jana. Hind akanivuta kanzu mpaka katikati ya nuru, akasema, "Piga, Babu." Nikapiga mbinja. Nyumba yote ikaitika, roshani kwa roshani, mpaka juu mbinguni.

Basi kisa ndo hicho, hakina kupunguza. Vali ananitizama. Haya, Vali, andika na hili: mvua haikunyesha.

Lakini lile piano nilikuwa peke yangu.

Makungu