Mbavu Nilizowapikia Wakwe

Moshono, Arusha.
18 Agosti 1996

Mpendwa dada Kandida,

Shikamoo dada yangu. Habari za Songea? Na mguu wako je, bado unavimba ukikesha na wagonjwa wodini? Tangu uliponiandikia habari zake nimekuwa nikikuombea kila asubuhi. Sisi huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu. Nasema miili, kwa sababu moyo wangu umepigwapigwa sana mwezi huu.

Baba Arnold bado yuko Mererani. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kiuzwe na yeye na wenzake wapunguzwe, ndiko alikokimbilia kuchimba tanzanite. Huwa anatuma salamu kwa watu wanaokuja mjini, lakini safari hii kimya kimezidi. Kila nikisikia mlango unagongwa, naacha kazi nakimbilia kufungua.

Mimi naendelea kuuza nyama ya nguruwe kwenye kibanda changu cha kitimoto pale Daraja Mbili. Uliniuliza ninavyozipika mbavu mpaka zinalainika vile. Usizipeleke kwenye moto mkali, dada. Ondoa ile ngozi nyembamba ya ndani, zioshe kwa ndimu, uzichemshe taratibu na tangawizi, vitunguu saumu na chumvi mpaka nyama ianze kuachia mfupa. Rojo lake ni asali, ukwaju, nyanya ya kopo na pilipili kichaa, likoroge jikoni mpaka liwe zito. Ndipo uziweke juu ya mkaa uliopungua moto, uzipake, uzigeuze, uzipake tena, hadi zing'ae. Usiondoke hata kidogo, asali inaungua haraka.

Sasa nikueleze mbavu hizo zilivyotaka kuniharibia nyumba.

Arnold amepata mchumba. Anaitwa Nashipae, ni mwalimu, mtoto mwenye adabu na mwepesi wa kucheka. Kwao ni Waarusha wa kule Oldonyosambu, wafugaji na wakulima, watu wa kanisa la Kilutheri. Wazazi wake, mzee Lesikar na mama Nanyori, walisema watakuja kutuona kabla ya kutoa jibu. Arnold akanisihi niwapikie mbavu. "Hakuna mtu Arusha nzima anayezipika kama wewe, mama," alisema. Moyo wa mama ukavimba, nikakubali.

Asubuhi ya siku yenyewe, nikizipaka mbavu rojo la mwisho, Arnold akaja akasimama mlangoni. Nikamwona uso haukai sawa.

"Mama, wakiuliza ni nyama gani, sema mbavu tu. Ni Walutheri, lakini kwa mila yao nguruwe hawali."

Dada, niliuweka mwiko chini. "Na Nashipae anajua unachofanya?"

"Hajui. Ningekuambia mapema usingezipika. Wakishaonja wataona ni nzuri, na ndoa itakuwa imeshakubaliwa."

Nikamwambia simpi mtu asichokijua. Nikamtuma atafute mbuzi, akarudi mikono mitupu, anasema bucha zimefungwa. Sijui hata kama alifika. Nilikaanga ndizi, nikapika wali na maharage, na zile mbavu nikazificha stoo. Nikajua yamekwisha.

Wageni wakafika pamoja na Nashipae, tukasalimiana, shemeji Ndesanjo akasimama mahali pa kaka yake, baba Arnold, akasali. Kuja kukaribisha chakula, naona Arnold ametoka stoo na lile sinia kubwa, mbavu zinang'aa, na harufu imejaa sebule nzima. Mzee Lesikar akatabasamu. "Mama Arnold, kumbe ulikuwa unatuficha?" Akachukua ubavu mmoja.

Nilimwona mwanangu ananikazia macho kama mtu anayezama. Nikawaza huyu binti tutampoteza leo, na Arnold hatanisamehe. Lakini mkono wa mzee ulikuwa unaelekea mdomoni.

"Baba Nashipae, usile. Hiyo ni nguruwe," nikasema.

Akauweka chini pole pole. Akaomba maji, akanawa, akanawa tena. Mama Nanyori akasimama akatoka nje. Nashipae akajifunika uso na mtandio. Mzee akamgeukia Arnold: "Wewe ulijua kwetu hailiwi?"

"Nilijua, baba."

Wakaondoka bila kunywa hata chai.

Baada ya hapo Arnold hakunisemesha. Anakula, anaondoka. Nashipae naye hakuonekana. Nilikuwa nikipaka mbavu kibandani huku nalia, wateja wanadhani ni moshi.

Kisha Jumatano iliyopita, mama Nanyori akaja kibandani peke yake. Alikaa mbali na jiko, nikampa chai. Akaishika muda mrefu bila kuinywa.

"Mume wangu amekasirika na kijana wako," alisema. "Mimi nina swali kwako. Binti yangu akija kwenu, akaumwa, au akapigwa, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hata mwanao akikuambia unyamaze?"

"Si ulinisikia, mama Nashipae?"

Akanywa chai yake yote. Akasema Arnold aende kwao Oldonyosambu, peke yake, bila mzee wa kumsemea.

Ameenda leo baada ya misa. Nimeanza barua hii ili mikono isikae bure, maana nilikuwa nimefua hata nguo zilizo safi.

Dada, nilipofika hapo niliacha kalamu, Arnold amerudi. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Anasema mzee alimkalisha zizini akamwacha aseme yote mbele ya kaka zake Nashipae, na hakuna aliyemsaidia kwa neno. Mwisho mzee akasema tuje kupanga posa baada ya mavuno. Nikamuuliza Nashipae amesemaje. "Amesema bado hajanisamehe, ila atakuja." Kisha akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Nisamehe, mama." Nikampakulia ugali.

Kwa hiyo njoo, dada, uniongoze, kwani siwezi kuisimamia posa bila wewe. Na ukisikia lolote kutoka Mererani kabla yangu, usinifiche.

Msalimie Anaeli na wanawe, na Irine wa jirani. Shemeji Ndesanjo anakusalimu. Mungu akuponye mguu, akulinde na njiani.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Agnela