Barua Zilizosomwa Kabla Yangu

Tarehe 2 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na mgongo umepunguza makali. Mimi huku mzima wa afya, nakata vioo vya miwani kutwa, na vumbi lake nakuja nalo mpaka nyumbani.

Kwenye kifurushi kuna simu. Ni yangu ya zamani, nimenunua nyingine. Najua utasema masikio yako yaliliwa na mitambo ya kiwanda cha uchapaji, simu ya nini. Hii si ya kusikiliza, ni ya kusoma. Nimefuta picha zangu na takataka nyingine, na herufi nimezikuza mpaka zinatosha bango la duka.

Masharti ni machache, usiyacheke. Usiichaji juu ya godoro wala chini ya mto, iweke mezani mahali pa wazi. Ikipata moto sana au ikianza kuvimba mgongo, ichomoe, iweke nje mbali na vitu, usiitumie tena. Waya ukichubuka tupa, usiuzungushie plasta kama ulivyofanya ule wa pasi. Mtu akikuandikia kwamba umeshinda zawadi, hujashinda. Akikuomba namba ya siri, hata akijiita mimi, usimpe. Na namba yangu iandike kwenye karatasi uibandike ukutani, maana simu ikizima inaondoka na kila kitu.

Barua usiache kuniandikia. Nazipenda.

Binti yako,
Kitinda mimba

*

Tarehe 20 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Barua na simu vimefika. Mimi sijambo, mgongo nao tunaelewana siku hizi, ukiacha asubuhi.

Simu naichaji juu ya meza, ndani ya sahani, na mimi nimekaa pembeni naiangalia kama mtu aliyeinjika maziwa. Waya wa pasi nimeutupa, kwa shingo upande. Namba yako iko ukutani kwa wino mweusi, herufi za kichwa cha gazeti. Hata jirani akichungulia dirishani anaisoma.

Inatikisika mara kwa mara. Ikitikisika nafungua nasoma. Nyingine ni matangazo ya viatu vya kike, sijui nani kanichagulia.

Wewe hali yako hasa ikoje? Sikuulizi kwa desturi, nakuuliza kweli. Mama yako alikuwa akisema "si kitu, si kitu" mpaka siku tuliyompeleka hospitali, na kumbe kilikuwa kitu. Ukiwa na jambo, hata dogo, niambie. Unakula? Unapata usingizi?

Baba yako

*

Tarehe 9 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya, nakula na kulala, usinitie kwenye mawazo yako ya bure.

Ila kuna jambo linanikosesha raha, na ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi tu. Kuna mtu anasoma barua pepe zangu. Wewe mpiga chapa utanielewa haraka: barua ambayo haijafunguliwa huja na herufi nene, ikishafunguliwa zinakuwa nyembamba. Wiki iliyopita, wakati wa chakula dukani, nimekuta moja imekuwa nyembamba na sijaigusa. Ilikuwa inasema miadi yangu fulani, mambo ya kikazi tu, imesogezwa iwe siku tatu mapema zaidi. Kwa kuwa haikuwa na herufi nene niliipita kila nikiangalia. Siku yenyewe ikapita. Nimefika siku ya zamani, naambiwa, dada, tulikungoja Jumatatu.

Nimebadilisha namba ya kufungulia simu mara mbili. Kamera nimeibandika plasta. Nikiwa kwenye mashine ya kukatia vioo nageuka nyuma kila dakika, na juzi nimeharibu vioo viwili vya mteja mmoja.

Aliyekuwa akiijua namba yangu ya siri ya simu ni mmoja tu, mwenzangu ninayeishi naye, yule mshonaji tunayemwita Kicheko. Nilimpa mwenyewe siku moja mikono yangu ikiwa na unga, anijibie ujumbe. Na wiki iliyopita ameniuliza bila sababu, "Mbona siku hizi unaomba ruhusa kazini?" Amejuaje? Ruhusa niliiomba kwa barua pepe.

Mtu yeyote akikuandikia kwa jina langu usimjibu.

Kitinda mimba

*

Tarehe 17 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Nakuandikia mafupi ili niwahi gari la posta. Usimtuhumu mtu yeyote. Usimwambie huyo mshonaji neno ambalo huwezi kulirudisha. Ngoja barua yangu nyingine.

Hiyo miadi nenda kaombe siku nyingine, kesho asubuhi, usingoje wakuite. Nakuomba sana hilo.

Baba yako

*

Tarehe 24 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika mambo yakiwa yameshaharibika.

Jumapili Kicheko alikuwa anapiga pasi gauni la mteja. Nikamwambia, "Unachokitafuta kwenye barua zangu umekipata?" Akadhani natania, akacheka, unajua ndilo jina lake. Nikamwambia asicheke. Nikamweleza yote, na sauti yangu ilikuwa inapanda peke yake. Akachomoa pasi, akasimama.

"Nilikuuliza habari ya ruhusa," akasema, "kwa sababu mwenye duka lako ni mteja wangu, na yeye ndiye aliyeniuliza kama unaumwa. Nilikuwa nakuonea huruma."

Sikumsikiliza. Nikamjibu neno ambalo hata wewe siwezi kukuandikia. Jumanne amekuja na kaka yake, wamebeba cherehani, meza na kitanda. Funguo ameziacha juu ya jiko.

Jana, Baba, barua mbili zimefunguliwa tena. Mimi niko peke yangu ndani ya nyumba, na simu iko mfukoni mwangu. Kwa hiyo hakuwa yeye.

Sijui nimwogope nani. Jumamosi nampelekea simu fundi mmoja mwanamke karibu na soko, wanasema ni mkweli. Kwa mengine mimi mzima wa afya.

Kitinda mimba

*

Tarehe 31 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Keti kwanza, ndipo usome.

Ni mimi.

Simu uliyonipa ilitikisika siku ya tatu tangu ifike. Nikajua ni wewe. Nikafungua, nikasoma kwamba mgonjwa anakumbushwa kufika kutolewa kipande cha uvimbe wa shingoni kikapimwe. Nikadhani wamekosea mtu. Nikarudi juu, nikakuta jina lako lote, na la kwangu nyuma yake. Barua zako zote ziko humu, za zamani na mpya. Mimi sikubonyeza kitu. Zinakuja zenyewe, wewe unazipata huko na mimi nazipata huku.

Nilipaswa kukwambia siku hiyo hiyo. Nilishika kalamu nikaiweka. Nilijisemea nikikwambia nimeona, utaona aibu, utaifunga hiyo njia, na mimi nitabaki na kusoma "mzima wa afya" peke yake. Barua zako zote tatu zina neno hilo. Sehemu ya shingo yako iliyovimba naijua kwa vipimo, na wewe unaniandikia mzima wa afya. Nikaamua kukuuliza kwa mzunguko, labda utasema. Hukusema. Basi ikitikisika nasoma. Nikaanza kungoja itikisike. Nikawa siendi hata kwa kinyozi.

Ile ya kusogeza siku niliifungua mimi, saa ile ile iliyoingia. Sikujua kwamba nikiifungua huku, kwako inabadilika herufi. Ulipoeleza habari ya herufi nene na nyembamba ndipo nilipojua nilichokifanya, nikakimbilia kukuandikia yale mafupi. Miaka thelathini nimechapa barua za watu, harusi na misiba, sijawahi kufungua bahasha ya mtu. Nimekuja kufungua zako.

Mshonaji nimemkosea mimi. Ukitaka nimwandikie, nipe anwani.

Zile mbili za juzi nazo ni mimi. Ulikuwa umepewa siku mpya. Nilitaka kuhakikisha siku imepatikana. Baada ya hapo nimeizima simu nikaifungia kabatini, na sitaiwasha mpaka uniambie.

Baba yako

*

Tarehe 20 Aprili

Binti yangu,

Natumaini u hali njema, na safari hii neno hilo naliandika nikiwa sijui lolote.

Wiki tatu sijapata jibu. Posta wamenizoea, yule mama wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Leo nimevunja ahadi nikaiwasha simu, nione tu kama una uhai. Imeandika kwamba akaunti imeondolewa, inataka neno la siri. Nimeelewa. Ni haki yako.

Namba yako bado iko ukutani. Jirani alijitolea kukupigia, nikamkataza. Nilifikiri ukitaka kusema na mimi utasema.

Kipimo kilikuwa tarehe sita. Leo ni ishirini.

Baba yako

*

Tarehe 4 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi si mzima wa afya.

Ni lile lile unalolifikiri. Ila ni dogo, na daktari anasema halijatoka nje ya tezi ya shingo. Watalikata tarehe kumi na nane. Nimemuuliza mara tatu kama ananificha, akanichorea kwenye karatasi mpaka nikamwamini.

Nilijua ni wewe kabla ya barua yako. Yule fundi alifungua sehemu inayoonyesha akaunti yangu iko kwenye simu ngapi. Zilikuwa mbili. Akaniuliza, "Ya zamani uliipeleka wapi?" Nikamwambia iko kwa baba yangu. Akasema simu ukimpa mtu, hata mzazi aliyekuzaa, kwanza unatoka kwenye akaunti zako, halafu unaifuta yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kufuta picha si kufuta. Mimi niliyekuandikia ukurasa mzima wa masharti sikulijua hilo moja. Akaniondoa kule hapo hapo, nikabadilisha na neno la siri, akaniwekea ulinzi wa pili.

Nikakaa na hasira nikingoja kama utasema mwenyewe. Barua yako ikafika Jumatatu. Hasira haikuisha, Baba. Kwa karibu mwezi mzima nilikuwa nageuka nyuma. Nilipitwa na kipimo. Nilimfukuza mtu aliyekuwa ananipikia uji. Hilo nisipokwambia nitakuwa nakuficha tena.

Lakini na mimi nilikudanganya kwa mwandiko wangu mwenyewe, mara tatu. Sikutaka uipande tena ile ngazi ya hospitali uliyoipanda na Mama.

Kicheko nilimfuata alikohamia. Alinisikiliza akiwa mlangoni, hakunikaribisha ndani. Akasema, "Nimekusikia." Basi. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, mwandikie.

Jana nimejaza fomu za kulazwa. Kuna mstari wa mtu wa karibu wa kujulishwa lolote likitokea. Nimeandika jina lako. Muuguzi akauliza kama unapatikana kwa simu, nikamwambia baba yangu hasikii, lakini anasoma. Akasema watakutumia ujumbe. Kwa hiyo itoe simu kabatini, mpe jirani aifute yote na akufungulie akaunti yako mwenyewe, kwa jina lako. Neno la siri usiniambie hata mimi.

Njoo tarehe kumi na sita. Kitanda cha Kicheko hakipo, nitakuazimia godoro. Njoo na sweta, wodini kuna baridi.

Binti yako,
Kitinda mimba