Mahali Ulipo, kwa Kiingereza

Mke wangu, Mama Neema,

Alizeti imekomaa na imeinamisha vichwa. Naanza na shamba kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula.

Jana yule kijana wa Shelui uliyemfundisha Kiingereza katika darasa la nne alisimamisha lori lake hapa nje. Hakuwa na habari za msiba. Alivua kofia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Madam yupo?"

Nikaitikia marahaba, kisha nikakwama. Kusema "hayupo" niliona ni uongo, maana umelala nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba. Kusema "yupo" ni uongo zaidi. Nikamwonyesha kwa mkono. Alikwenda akasimama huko muda mrefu.

Aliporudi alinikumbusha kuku wako. Watoto walikuwa wanashindwa kutofautisha "in", "on" na "at", kwa kuwa Kiswahili kinamaliza yote kwa "-ni": mezani, mlangoni, shambani. Mmoja aliandika "My mother is in the stove", akimaanisha kwamba mama yake yuko jikoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nikakwambia kosa la mwanafunzi si la kuchekwa.

"Basi nikachekee wapi, Baba Neema?" ukaniuliza. "In the office, au at the office?"

Kesho yake ulikwenda darasani na kuku ndani ya tenga. "In the basket," mkasema wote. Ukamweka juu ya meza: "On the table." Ulipompeleka mlangoni ili mseme "at the door", akakuponyoka, akarukia juu ya kabati. Mimi nilikuwa nafundisha chumba cha pili. Nilitoka kwa hasira, nikakuta darasa zima limesimama linapiga kelele, "On the cupboard, Madam! On the cupboard!" Nilikuja kugomba, lakini hakuna hata mmoja aliyekosea. Wewe ulikuwa na manyoya kichwani, unanitazama uone nitasema nini. Nikasema, "Endeleeni."

Sasa nyumba iko kimya. Binti yetu Neema hupiga simu kila jioni, anataka nihamie kwake Unyambwa.

"Baba, utakaa peke yako mpaka lini? Mama hayuko hapo tena. Yuko mioyoni mwetu."

Ilipaswa kuwa "yumo". Unajua kwamba zamani ningemkatiza papo hapo. Safari hii nilinyamaza, kwa sababu alikuwa analia, na kwa sababu mimi mwenyewe sijui tena neno lililo sahihi, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza.

Sikutaka kukuacha peke yako shambani. Hilo tu ndilo lililonizuia. Lakini magoti yangu yamekataa jembe, na majani yanaota juu ya kaburi lako upesi kuliko ninavyoweza kuyang'oa. Leo asubuhi nimemkubalia Neema. Nitaondoka tukishavuna. Mdogo wako Rehema ameahidi kupalilia hapo ulipo, nami nitakuja kila nitakapopata wa kunileta.

Pumzika, mke wangu. Neema amepima chumba na kuona kwamba kitanda chetu hakiingii. Ameuliza anunue cha ukubwa gani. Nimemwambia, cha mtu mmoja.

Mumeo,
Baba Neema