Kofia Usoni Siku Nilipogeuka

Mwangaluka, umeamkaje, baba yangu uliyelala kaburini Sapiwi.

Nakuandikia nikiwa nimekaa mchangani hapa Lamadi, ni asubuhi, na ziwa limetulia kama uji uliopoa. Upepo utaamka saa tisa. Kabla haujaamka nina neno la kukuambia, nililificha tangu ungali hai.

Unalikumbuka plau. Ulizaa mabinti watupu, majirani wakakusikitikia, nawe ukanikabidhi mimi mkubwa mishikio yake kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Mbele walitembea Katibu na Mweka Hazina, maksai uliowapa vyeo vya watu wa ushirika kwa sababu mmoja alipenda kusimama na mwingine alikula sana. Kila tulipofika mwisho wa mstari na kugeuza, niliinama kuangalia jembe linaingia wapi, na mstari ukapinda. Hukunigombeza. Ulisema, "Usitazame jembe, ng'wanone. Tazama unakokwenda, jembe litafuata." Hakuna anayeniita ng'wanone tena, yaani mwanangu, kwa sauti ile.

Kisha kila kitu kikawa ruksa. Wanunuzi wapya wa pamba wakaingia na mizani zao, ghala la ushirika ulikokuwa mpimaji likafungwa, ukauza maksai na kutuhamishia huku kwenye dagaa, wewe uliyeogopa hata maji ya magotini. Ulibaki na mikanda ya ngozi ya maksai tu, ukaitundika nyuma ya mlango. Mama alisema ni huzuni, tuiache.

Mimi nikapata kazi ya kufua kwenye nyumba ya wageni. Huko alikaa fundi mmoja mzungu, aliyekuja kufunga mitambo ya samaki, na jioni alisimama juu ya ubao wenye tanga, upepo ukamkimbiza. Alinifundisha, na alipoondoka akaniachia ubao. Kwenda nilijua. Kugeuka ndiko kulikonishinda: upepo unakupita mgongoni, tanga linahamia upande wa pili, unabadili miguu na mikono, halafu unanasa tena ndoano ya mkanda wa kiunoni kwenye kamba ya tanga ili mwili ubebe mzigo badala ya mikono. Asiyeweza hayo, upepo humpeleka unakotaka wenyewe.

Siku moja upepo ulinipeleka. Nilianguka na kuinuka mpaka mikono ikaisha nguvu, mkanda ukakatika, wavuvi wakanirudisha nimelala juu ya nyavu zao. Uliuchukua ubao, ukaulaza juu ya mawe, ukaanikia dagaa wiki mbili nzima, na Lamadi yote ikapita kuja kucheka. Nilikuchukia, baba. Leo naliandika wazi.

Halafu asubuhi moja nikaukuta ubao umeoshwa. Juu yake kulikuwa na mkanda mpya, ngozi ya maksai iliyoshonwa mara mbili kwa uzi wa nyavu, na mbele yake ndoano ya mnyororo wa plau. Ulikuwa umekaa kando unajifanya kuchambua dagaa.

"Nimeona hutaacha," ulisema. "Basi jifunze kurudi."

Tangu hapo ulisimama ufukweni kila alasiri na shati lako jeupe la kanisani, ili niwe na cha kutazama. Kosa langu lilikuwa lilelile la Sapiwi. Nikishageuka niliinamisha kichwa kuitafuta ndoano, tanga likanivuta, nikaingia majini. Mpaka siku ile nilipokazia macho shati lako, nikauvuta mti wa tanga karibu na kifua, nikainua kiuno kidogo, na kamba ikaingia kwenye ndoano yenyewe. Na kwa kuwa nilikuwa nakutazama wewe, nikakuona. Ulikuwa umejifunika uso kwa kofia, umeishika kwa mikono yote miwili.

Nilipofika ukaniambia, "Nimeona. Umegeuka vizuri."

Nikakushukuru, "Wabeja, baba." Alama ya kofia ilikuwa bado kwenye paji la uso wako. Hukuona chochote, baba, na nilijua, na nilikupenda siku ile kuliko siku zote.

Homa ya masika ikakuchukua kabla sijarudia mbele yako. Tangu hapo naanguka. Shati halipo, macho yanarudi chini kwenye ndoano. Juzi niligeuka mara kumi, saba nikaishia majini, na shangazi akashauri ubao urudi kuwa kichanja cha dagaa. Nimemjibu kwa heshima kwamba dagaa watafute kwingine.

Wiki hii nimelifunga tanga kwenye nguzo mchangani, nikafumba macho, nikawa nanasa na kunasua, nanasa na kunasua, mpaka kiuno kikaijua kazi yake bila kuniuliza. Watoto wanasema nacheza ngoma isiyo na wachezaji wengine. Waseme. Nimechagua paa la kanisa liwe mwisho wa mstari wangu. Huko ndiko nitakakotazama.

Jua limeshapita utosini, na upepo umeanza kugusa majani. Nitageuka leo, na nikianguka nitageuka kesho, na keshokutwa, mpaka nirudi kila ninapotoka. Nakuomba jambo moja tu. Safari hii, baba, toa kofia.

Binti yako mkubwa,
mshika plau.