Kwa Bibi, Aliyetuachia Viti Viwili

Mwaka umetimia leo, Bibi, tangu uondoke bila kumaliza chai yako. Familia imenikabidhi kalamu nikuandikie, na tayari namwona Mama anajuta. Nitajiheshimu. Nimenyooka kama kiranja kwenye paredi, maana nina habari ya Babu, nayo haisubiri.

Kwanza wasomaji wajue ulikuwa nani. Ulikuwa mwanasaikolojia, na chumbani mwako hakukuwa na meza ya kukutenga na mtu. Kulikuwa na viti viwili vinavyofanana, karatasi moja na penseli mbili. Mgeni ndiye aliyechagua kiti kwanza. Mpango wa tiba mliuandika pamoja, na kisichofaa alikifuta yeyote kati yenu. Hukuwa na dawa moja ya kila kikohozi: mmoja ulimfundisha kupumua, mwingine mlipekua naye mawazo yaliyomkosesha usingizi, mwingine alimwandikia barua baba yake aliyekufa bila kuagana. Dakika tano za mwisho uliuliza, "Leo nimekufaa wapi, na wapi nimekupotezea muda?" Niliwapendekezea walimu wangu swali hilo. Nilideki bweni wiki nzima.

Likizo moja nilificha chini ya kitambaa cha kiti kimoja ule mto wangu unaotoa mlio usio na adabu. Mgeni akachagua kiti kingine. Ukaukalia wewe. Jioni ulinirudishia, ukasema tu, "Mjukuu wangu, ukome. Ila ahsante." Nilikubembeleza uniambie ahsante ya nini. Wapi! Siri ya mgeni uliondoka nayo.

Babu, fundi saa, alikutania miaka yote: "Mimi saa ikisimama naifungua. Siiulizi inajisikiaje."

"Saa haina mama mkwe, mume wangu," ulimjibu.

Ulipoondoka, akasimama yeye. Miezi minane alitujibu "mm" tu, saa za watu zikirundikana bila kuguswa, suruali zikimpwaya. Mama alibembeleza, Mjomba akafoka. Mimi nilimtilia chumvi kwenye chai. Akainywa yote. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mama akamwita yule dada uliyemfundisha kazi, anayekitumia chumba chako sasa. Hakumwambia Babu kwamba anaumwa. Alikuja nyumbani, akaweka mezani karatasi tupu na penseli mbili. "Mzee wangu, tuandike wote. Unataka iweje?"

Babu akaandika: Nisiulizwe najisikiaje.

Dada akaandika chini yake: Nimekubali. Njoo na saa moja iliyosimama.

Bibi, alikwenda! Babu mwenyewe! Wanafungua saa pamoja, na mikono ikiwa kazini, mdomo nao unafunguka. Mara ya tatu alimwambia dada wa watu kwamba kupumua kwa kuhesabu kunampotezea muda. Wakafuta kupumua, wakaandika matembezi. Mengine ya mle ndani hatuyajui, wala hatuulizi. Mimi niliuliza mara moja. Sawa, mara mbili. Ila mezani pake zimebaki saa tatu tu, na juzi alimfokea Mjomba kwa kuchelewa chakula. Tulishangilia kama bao la fainali.

Jana akanivuta pembeni. "Wewe. Ule mto bado unao?"

"Upo, Babu."

"Lete. Kesho natangulia kufika, nichague kiti."

Naandika haya nikiwa kwenye benchi nje ya chumba chako. Mlango umefungwa. Mlio umesikika, kisha kicheko cha Babu ambacho hatujakisikia tangu uondoke. Ile ahsante yako, Bibi, nadhani sasa nimeielewa.

Tunaokukumbuka: mumeo, anayecheka humo ndani, binti yako, anayejifuta machozi hapa benchini, mwanao, aliyechelewa tena, na mjukuu wako, ambaye hajakoma.

Hutatutoka moyoni, Bibi. Kiti chako kina mtu, na kingine pia.